Kukagua na kuifunga laptopu ya nyumbani dhidi ya programu za ujasusi

Laptopu nyingi zilizomo majumbani hapa Dodoma, kuanzia Nkuhungu hadi Nzuguni, zimepita njia moja. Zilianzia ofisini huko Ulaya au Marekani, zikaingia nchini kama mtumba, zikalala mezani kwa fundi aliyezipiga Windows upya, akaweka Office, akaongeza programu ya kuhariri video kwa kuwa mteja aliomba, na jioni yake zikaenda nyumbani. Mwenye mashine hajalipia leseni hata moja. Hajui pia ni kitu gani kingine kiliingia siku ile.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu hauanzi na antivairasi ipi ununue. Programu za ujasusi kwenye kompyuta za nyumbani ni mara chache zinavunja mlango. Kwa kawaida kuna mtu aliufungua akitafuta kitu cha bure. Ukijua ni nani aliufungua na lini, nusu ya ukaguzi umeshaimaliza.

Hatua zote hapa ni za Windows 10 na 11, ila njia za baadhi ya menyu nimezifuata za 11. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, maana Windows za wengi wetu ziko kwa Kiingereza.

Unachokitafuta ni nini

Programu ya ujasusi ni programu yoyote inayokusanya mambo yako na kumpelekea mtu mwingine bila ridhaa yako. Zipo zinazorekodi kila herufi unayobofya. Zipo zinazompa mtu wa mbali uwezo wa kuona skrini yako, kuendesha mashine, hata kuwasha kamera. Zipo zinazofuatilia tovuti unazotembelea ili wakujazie matangazo. Hizi ni kero kuliko hatari.

Zinazopaswa kukunyima usingizi ni zile za kukomba. Ukiifungua mara moja tu, inachukua nywila zote ulizohifadhi kwenye kivinjari, namba za kadi, picha za skrini, wakati mwingine na mafaili yaliyoko kwenye Desktop, inatuma, kisha baadhi yake hujifuta zenyewe. Kazi yote inaweza kuisha ndani ya dakika chache. RedLine ni mojawapo. Mitambo yake ilivamiwa na vyombo vya dola vya nchi kadhaa Oktoba 2024. Nyingine ni Lumma. Mei 2025 Microsoft ilieleza kwamba ilikuta kompyuta zaidi ya 394,000 duniani zimeambukizwa Lumma katika kipindi cha miezi miwili tu.

Programu hizi hubeba pia vidakuzi, yaani vile vifaili vidogo vinavyoifanya Gmail au Facebook ikukumbuke usiingize nywila kila siku. Mwenye vidakuzi vyako anaweza kuingia kwenye akaunti bila kuulizwa nywila wala namba ya uthibitisho inayotumwa kwa SMS. Kwa hiyo ule ushauri wa zamani kwamba kompyuta yenye ujasusi huwa nzito, hustaki na feni hupiga kelele, unasaidia kidogo tu. Laptopu ya mwaka 2015 yenye RAM ya GB 4 itastaki hata ikiwa safi kabisa. Na iliyokombwa jana inaweza leo kuruka kama mpya.

Hatua ya 1: Anza na akaunti, ukitumia simu

Dalili za kukombwa huonekana kwenye akaunti kabla hazijaonekana kwenye mashine. Chukua simu yako, iache kompyuta kwanza.

Fungua myaccount.google.com, ingia "Security", kisha "Your devices". Soma kila kifaa. Ukiona kompyuta ya Windows usiyoifahamu, bofya uitoe. Angalizo moja kwa sisi wa kanda ya kati: eneo linaloandikwa hapo ni la kukisia. Ukiwa hapa Dodoma mtaa wa Kisasa na bando la simu, Google inaweza kukuonyesha uko Dar es Salaam kwa sababu mtandao wako umetokea huko. Usiparamie kuhukumu mji. Angalia aina ya kifaa na muda kilipoingia.

Kisha fungua Gmail kwenye kivinjari ukiwa umechagua "Desktop site", ingia "Settings", usome sehemu mbili: "Filters and Blocked Addresses" na "Forwarding and POP/IMAP". Mwizi aliyeingia mara moja hupenda kuacha agizo la siri kwamba barua zako zote, au zile zenye neno "bank", zipelekwe kwake au zifichwe usizione. Unaweza kubadili nywila mara kumi, agizo hilo likabaki. Ni sehemu ambayo watu wengi hawajawahi kuifungua tangu waanzishe barua pepe yao.

WhatsApp: "Linked devices". Kama uliwahi kuchapisha nyaraka steshenari ukafungua WhatsApp kwenye kompyuta yao, hapo ndipo utakuta bado imeunganishwa. Facebook na Instagram wana orodha kama hiyo, na kwa mwenye ukurasa wa biashara ni ya lazima kuikagua.

Hatua ya 2: Iulize Windows yako ilikotoka

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `slmgr /dli`, bonyeza Enter, subiri kidirisha kitokee. Tafuta neno lililo karibu na "channel".

Likiwa OEM_DM, leseni yako imetoka kiwandani na mashine. Likiwa RETAIL, ni leseni ya mtu binafsi. Likiwa VOLUME_KMSCLIENT, hiyo ni aina ya leseni inayotumiwa na taasisi zenye kompyuta nyingi. Kwa laptopu ya ofisi ni jambo la kawaida kabisa. Kwa laptopu yako mwenyewe isiyo na uhusiano na taasisi yoyote, karibu kila mara inaonyesha kwamba Windows imekrekiwa, yaani imelazimishwa kufanya kazi bila leseni halali.

Kukrekiwa peke yake si ushahidi kwamba unapelelezwa. Ila tazama jinsi kazi hiyo inavyofanywa: maelekezo ya kreki karibu zote huanza na "zima antivairasi kwanza". Desemba 2021 watafiti wa kampuni ya usalama ya Red Canary walieleza jinsi kisakinishi bandia cha KMSPico, kreki maarufu kuliko zote, kilivyokuwa kimefungashwa pamoja na Cryptbot, programu ya kukomba nywila na pochi za sarafu za kidijitali. Fundi anayepakua kreki hiyo huenda hana nia mbaya hata chembe. Naye ameletewa tu.

Kinachokera ni kwamba kreki mara nyingi haikuhitajika. Dell Latitude au HP EliteBook iliyotoka kiwandani na Windows 10 au 11 imebeba ufunguo wa leseni ndani ya ubao wake mkuu. Ukiweka Windows safi ya toleo lilelile, inajiamilisha yenyewe mara ipatapo intaneti. Leseni ya halali ilikuwa humo muda wote, ikazikwa chini ya Windows ya kukreki. Kuthibitisha, fungua PowerShell (dirisha la amri la Windows, litafute kwenye Start) uandike `(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey`. Ikirudisha herufi na tarakimu ishirini na tano, ufunguo ni huo. Usimpigie mtu picha yake.

Hatua ya 3: Angalia walinzi walioambiwa wafumbe macho

Fungua "Windows Security", kisha "Virus & threat protection", kisha "Manage settings". Shuka hadi chini kabisa kwenye "Exclusions", ubofye "Add or remove exclusions".

Hii ni orodha ya mahali ambapo antivairasi imeamriwa isipatazame. Kwenye kompyuta ya mtu wa kawaida inatakiwa iwe tupu. Kreki huongeza humo folda zake, na nimeona mashine ambazo diski C yote iliandikwa humo. Mwenye mashine alikuwa akiona alama ya kijani kila siku na kuamini yuko salama. Ondoa kila kilichomo.

Kama kitufe cha "Real-time protection" kimezimwa na hakikubali kuwashwa, au kuna maandishi yanayosema mipangilio inasimamiwa na msimamizi wakati msimamizi ni wewe mwenyewe, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 6. Hakuna haja ya kubembelezana na mashine hiyo.

Vinginevyo, sasisha kwanza "Protection updates", kisha nenda "Scan options". Fanya "Full scan" usiku laptopu ikiwa kwenye chaji; kwa diski ya zamani inaweza kuchukua saa kadhaa. Ikimaliza, fanya na ile ya "offline scan". Hiyo huizima kompyuta na kuikagua kabla Windows haijaamka, kwa hiyo programu inayojificha Windows ikiwa inaendesha haipati nafasi. Huchukua kama robo saa. Majibu utayakuta "Protection history".

Antivairasi hiyo iliyomo ndani ya Windows, iitwayo Defender, inatosha kwa nyumbani. Antivairasi ya kulipia iliyokrekiwa, ambayo bado naikuta mezani kwa watu, ni kichekesho kinachojieleza chenyewe.

Hatua ya 4: Kinachoamka na mashine, na kinachokula bando

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye Task Manager fungua "Startup apps", usome jina na mtengenezaji wa kila kimoja. Kisicho na mtengenezaji na usichokijua, bofya kulia, chagua "Open file location". Mahali ni ushahidi kuliko jina. Faili halisi la svchost.exe linakaa C:\Windows\System32, na kuyaona mengi yakiendesha kwa pamoja ni kawaida. Lenye jina hilohilo likikaa ndani ya AppData au Temp ni tapeli.

Ingia pia "Settings", "Apps", upange orodha kwa tarehe ya kusakinishwa. Tafuta AnyDesk, TeamViewer na UltraViewer. Hizi ni programu halali ambazo mafundi huzitumia kukusaidia wakiwa mbali, lakini zikiachwa na nywila ya kudumu, aliyeiweka anaweza kurudi wakati wowote kompyuta ikiwa hewani. Kama hakuna fundi anayekusaidia sasa hivi, ziondoe zote. Ukimhitaji tena utaiweka kwa dakika mbili.

Mwenye moyo wa kuchimba zaidi apakue Autoruns kutoka tovuti ya Microsoft. Ni ndogo, na huonyesha kila kinachoamka na mashine, ikiwemo kazi zilizopangwa ambazo Task Manager haizionyeshi. Ukichagua "Hide Microsoft Entries" inabaki orodha inayosomeka.

Kuhusu bando: "Settings", "Network & internet", "Advanced network settings", "Data usage" itakuonyesha kila programu imekula kiasi gani ndani ya siku thelathini. Sisi tunaonunua intaneti kwa GB tuna macho makali hapa kuliko watu wenye mtandao usio na kikomo. Kivinjari, masasisho ya Windows na OneDrive huwa juu, hapo hakuna habari. Programu isiyojulikana iliyopeleka mamia ya MB ni habari. Lakini usitegemee kipimo hiki kwa zile za kukomba: nywila zako zote hazifiki hata ukubwa wa picha moja ya harusi.

Hatua ya 5: Kivinjari

Andika chrome://extensions kwenye Chrome, au edge://extensions kwenye Edge. Kiendelezi chenye ruhusa ya kusoma tovuti zote kinaona kila unachokiona, benki ikiwemo. Ondoa usivyovitumia bila kuvifikiria mara mbili, hasa vya kupakua video na vya VPN ya bure.

Ukifungua menyu ya nukta tatu ukakuta chini "Managed by your organization" kwenye kompyuta yako binafsi, kuna kitu kimekiwekea kivinjari chako masharti. Antivairasi fulani hufanya hivyo kihalali, lakini programu za matangazo nazo zinapenda njia hiyo. Andika chrome://policy uone ni masharti gani.

Na yale matangazo yanayochomoza kwenye kona ya kulia chini yakisema kompyuta yako ina virusi vitano? Mara nyingi si virusi. Ni arifa za tovuti uliyoibofyia "Allow" ukitafuta filamu. Ingia "Site settings", "Notifications", uzifute.

Hatua ya 6: Ukikuta kitu, fuata mpangilio huu

Mpangilio una maana kubwa hapa, maana anayebadili nywila akiwa kwenye kompyuta iliyoambukizwa anamkabidhi mwizi nywila mpya.

Zima Wi-Fi ya kompyuta au uchomoe modemu. Kisha, kwa simu, badili nywila ya barua pepe kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu barua pepe ndiyo inayofungua akaunti nyingine zote kupitia "forgot password". Toa vifaa vyote vilivyoingia. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Baada ya hapo ndipo ziende benki, mitandao ya kijamii, akaunti ya Ajira Portal, na mfumo wa kazini ukiwa mtumishi. Kama ulitumia kompyuta hiyo kwa kazi ya serikali, mwambie mtu wa TEHAMA ofisini kwako siku hiyohiyo.

Kama kwenye mashine kulikuwa na nakala za kitambulisho cha NIDA, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako, na urudie baada ya wiki chache.

Sasa mashine. Kwa matangazo na viendelezi vya kivinjari, kusafisha kunatosha. Kwa programu ya kukomba, ya kurekodi herufi au ya kuendesha mashine kutoka mbali, ushauri wangu ni kuipiga Windows upya, hata kama antivairasi inasema imeshaondoa kila kitu. Nakili hati, picha na video peke yake kwenye flashi au diski ya nje, mafaili ya .exe, .bat na visakinishi viache vife nayo.

Pakua Windows kutoka microsoft.com pekee, ukitumia Media Creation Tool kwenye kompyuta safi na flashi isiyopungua GB 8. Windows 11 inazidi GB 5, kwa hiyo tafuta mahali penye intaneti ya uhakika au bando la usiku. Wakati wa kusakinisha, ukifika kwenye orodha ya sehemu za diski, zifute zote. Hapo ndipo mafundi wengi hukwepa: wanafuta C na kuiacha D ikiwa na folda ya "Software" iliyojaa kreki zilezile. Ikiwa unampelekea fundi afanye, simama hapo, na umwambie waziwazi hutaki kreki yoyote. Kwa kuandika barua na kupiga hesabu, LibreOffice ni ya bure na inafungua mafaili ya Word na Excel.

Hatua ya 7: Kuzuia

Tengeneza akaunti mbili za Windows: ya msimamizi yenye nywila unayoijua wewe, na ya kawaida ambayo wewe na watoto mnaitumia kila siku. Programu inayotaka kujichimbia ndani ya mfumo italazimika kuomba nywila. Haizuii kila kitu, programu za kukomba hufanya kazi hata kwenye akaunti ya kawaida, lakini usafi unakuwa rahisi.

Washa uonyeshaji wa miisho ya mafaili: fungua File Explorer, "View", kisha "Show", kisha "File name extensions". Orodha za walioitwa kwenye usaili, matokeo ya mitihani na mitihani ya majaribio ndiyo mafaili yanayosambaa zaidi hapa mjini, na yeyote anaweza kulipa faili jina la "Majina_usaili.pdf.exe". Windows ikificha mwisho, unaona PDF. Majina ya usaili yasome kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira yenyewe, hata kama faili limeletwa kwenye kundi la WhatsApp na mtu unayemheshimu.

Tovuti ikikuambia uthibitishe kuwa wewe ni binadamu kwa kubonyeza Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter, ifunge. Imeshanakili amri ya kupakua programu ya kukomba na inakuomba wewe uibandike kwa mkono wako. Lumma imesambazwa hivi sana, na ndiyo mbinu ambayo hata watu waangalifu wanaingia.

Flashi iliyotoka steshenari: usifungue folda lenye kimshale. Angalia ukubwa wake; ikiwa KB 1 au 2, hilo ni njia ya mkato ya virusi, na folda lako halisi limefichwa. Ikague kwa Defender, kisha fungua Command Prompt uandike `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`, ukibadili E kwa herufi ya flashi yako. Mafaili yatarudi, nawe ufute hizo njia za mkato.

Masasisho tunayaogopa kwa sababu ya bando, nami naelewa. Yaache yaje usiku au ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo. Lakini kama bado uko Windows 10, jua kwamba Microsoft iliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025. Wanaojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wanapata viraka hadi Oktoba 2026. Anayenunua mtumba sasa atazame namba ya prosesa: Intel Core i5-8250U, kwa mfano, ni kizazi cha nane, na Windows 11 inaanzia hapo kwa Intel. Ya kizazi cha sita kwa bei ya chee utaijutia.

Kamera ibandike kipande cha karatasi. Inatosha.

Jasusi akiwa mtu wa karibu

Wakati mwingine aliyeweka programu ni mwenza, ndugu au mwajiri, na alikaa mbele ya mashine akaiweka kwa raha zake. Hapo usikimbilie kufuta. Programu ikikata mawasiliano ghafla, aliyeiweka anajua kwamba umegundua, na kama ni mtu anayeweza kukudhuru, fikiria kwanza utakuwa wapi siku hiyo. Tumia kifaa kingine kwa mambo ya siri, omba msaada kwa mtu unayemwamini, na zipige skrini picha kwa simu nyingine: jina la programu, mahali ilipo, tarehe iliyosakinishwa.

Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini yake ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na ndoa haijatajwa kuwa idhini. Picha hizo ndizo utakazopeleka kituo cha polisi. Na namba za matapeli wanaokupigia baada ya taarifa zako kuvuja, zitume kwa SMS kwenda 15040, namba ya TCRA ya kuripoti utapeli.